Lucy Lameck na Lugha ya Uwakilishi: Sura Moja ya Historia ya Kiswahili Kilimanjaro

Historia ya Kiswahili nchini Tanzania imezoeleka kuelezwa kwa kutaja kamati, sera na kamusi. Ni nadra kuelezwa kwa kufuata maisha ya watu walioitumia lugha hiyo kuwasemea wengine. Lucy Selina Lameck ni mmoja wa watu hao, na kazi yake Bungeni inatoa mwanga juu ya jambo ambalo sera peke yake haziwezi kulionyesha.

Lucy Lameck alizaliwa mwaka 1934 huko Njoro, Moshi, kwenye tambarare iliyo chini ya miteremko ya Uru na Old Moshi. Milimani huko, kila nchi ilikuwa na mangi wake na usemi wake. Msemaji wa Kiuru huelewana kwa wepesi na jirani yake wa Old Moshi. Akielekea Machame upande wa magharibi, au Rombo upande wa mashariki, maelewano hupungua. Kwa hiyo, yeyote aliyetaka kuwasemea watu wa mlima mzima alihitaji lugha isiyokuwa mali ya mangi mmoja.

Kabla ya siasa za vyama, kilichowaunganisha watu hao kilikuwa kahawa. Chama cha Ushirika cha Wenyeji wa Kilimanjaro, yaani KNCU, kiliundwa mwaka 1933. Lucy Lameck, aliyekuwa amesomea uuguzi, aliiacha njia hiyo akajifunza kazi ya ukatibu, na katika miaka ya 1950 akafanya kazi katika ushirika huo. Alijiunga na TANU, kisha akapata nafasi ya kusoma katika Chuo cha Ruskin, Oxford, na baadaye Chuo Kikuu cha Western Michigan, Marekani. Mwaka 1960 aliingia katika chombo cha kutunga sheria.

Chombo hicho kilikuwa bado kikiendesha shughuli zake kwa Kiingereza. Hapa ndipo penye kitendawili cha uwakilishi wa wakati ule: mpigania uhuru aliwahutubia wananchi mikutanoni kwa Kiswahili, kisha akawasemea barazani kwa lugha ambayo wengi wao hawakuijua. Mwalimu Nyerere alipolihutubia Bunge kwa Kiswahili mwezi Desemba 1962, nchi ilipokuwa Jamhuri, umbali huo ulianza kufupishwa. Mwaka 1967 matumizi ya Kiswahili katika shughuli za Serikali yalitiliwa mkazo, na Baraza la Kiswahili la Taifa likaundwa kwa sheria.

Uchaguzi wa mwaka 1965, wa kwanza chini ya chama kimoja, unastahili kuangaliwa kwa makini. Wagombea walipewa alama za jembe na nyumba ili hata asiyejua kusoma aweze kuchagua, na hawakuruhusiwa kuomba kura kwa misingi ya kabila, dini au rangi. Kwa Kilimanjaro, ambako kihamba hurithiwa kwa kufuata ukoo wa kiume, alama hizo hazikuwa michoro mitupu. Jembe na nyumba vilikuwa kazi na makao ya kila siku ya mwanamke, ilhali ardhi yenyewe ilipita mikononi mwa baba na wanawe. Mwanamke kusimama mbele ya jamii ya namna hiyo na kudai haki ya kuisemea kulikuwa ni kugusa mpangilio wenyewe wa mamlaka.

Kisarufi, Kiswahili hakikumwekea kizuizi. Neno *mbunge*, lililoundwa kwa kukipachika kiambishi *m-* kwenye *bunge*, halitaji jinsia. Wala kiambishi *a-* katika kitenzi hakibagui mume na mke. Ubaguzi ulijitokeza katika istilahi za heshima, *Bwana* na *Bibi*, hadi *Ndugu* ya enzi ya Ujamaa ilipowaweka wote chini ya neno moja. Hata hivyo, isidhaniwe kwamba sarufi iliyo sawa huzaa jamii iliyo sawa. Lugha iliufungua mlango. Kupita mlangoni kulihitaji ujasiri wa mtu.

Lucy Lameck alipita. Alikuwa mwanamke wa kwanza kushika wadhifa wa ngazi ya uwaziri mdogo nchini, akishughulikia ushirika na maendeleo ya jamii, na baadaye afya. Aliendelea na ubunge kwa vipindi kadhaa hadi mwaka 1980, akafariki mwaka 1993.

Funzo kwa wanaisimu ni kwamba usanifishaji wa lugha haukamiliki katika kamusi. *Mbunge* lilikuwa neno lisilo na jinsia tangu lilipoundwa. Ila lilipata maana hiyo kwa ukamilifu pale wapiga kura walipoliona likibebwa na mwanamke.