Nabii Aliyepitisha Siku Tatu

Maandiko yanatoa alama nyingi za kumtambua mwalimu wa uongo, ila si zote zinazomfikia mwumini kwa wakati. Kumbukumbu la Torati 18 inasema nabii ambaye neno lake halikutimia hakutumwa na Mungu. Ni kweli, lakini alama hiyo huchelewa. Mathayo 7 inataja matunda, na matunda nayo hungoja msimu. Waraka wa pili wa Petro unataja tamaa ya mali, na hapo ndipo mimi naona pa kuanzia.

Wakristo wa mwanzo walianzia hapo katika Didake, kitabu kidogo kisichomo katika Biblia. Mswada wake aliuona Philotheos Bryennios huko Constantinople mwaka 1873, akauchapisha 1883. Masharti yake ni ya nyumbani kabisa. Mtume mgeni apokewe siku moja, au mbili ikibidi. Akikaa tatu, ni wa uongo. (Sisi tungempa jembe.) Akiondoka apewe mkate wa njiani; akidai fedha, ni wa uongo. Akiagiza meza kwa jina la Roho kisha akala yeye mwenyewe, hali ni hiyo hiyo. Kitabu kinakataza kumhukumu nabii anaposema katika Roho, lakini mwenendo wake kinaruhusu upimwe, na na mtu yeyote.

Sasa tazama Kanungu, kusini-magharibi mwa Uganda. Kundi la Kurejesha Amri Kumi za Mungu liliongozwa na Joseph Kibwetere, Credonia Mwerinde na wenzao, akiwemo padri wa zamani Dominic Kataribabo, aliyesoma hadi Marekani. Waumini waliuza mali zao, fedha zikaenda kwa viongozi. Dunia ilitangazwa kwisha pamoja na mwaka 1999. Haikwisha. Tarehe 17 Machi 2000 mamia ya waumini waliteketea ndani ya jengo la ibada, na baadaye maiti nyingine zikafukuliwa katika nyumba za kundi.

Wengi husema watu wale hawakujua Maandiko. Sikubaliani nao. Walisali mchana na usiku, na amri kumi ndizo zilizowakusanya. Ninachokiona mimi ni sheria ya ukimya: waumini walikatazwa kuzungumza, wakawasiliana kwa ishara. Vipimo vya Didake vinahitaji majirani wanaoulizana mgeni amekula nini, amekaa siku ngapi, na ile pesa ya shamba ameipeleka wapi.