Msitu Uliopandwa Juu ya Vita

Ukiendesha baiskeli ya milimani katika msitu wa Verdun, kaskazini mashariki mwa Ufaransa, kitu cha kwanza utakachokigundua ni kwamba ardhi yake haijatulia. Njia yenyewe ni nzuri: pana, imeshindiliwa, malori ya magogo hupita humo. Lakini tupa jicho kushoto au kulia, katikati ya miti, uone ardhi ilivyojaa mashimo na matuta yasiyo na mwisho, kama bahari iliyochafuka kisha ikaamriwa isimame hapo hapo. Shimo, tuta, shimo, tuta. Mashimo mengine yana maji meusi na majani yaliyooza. Si mto uliochimba vile, wala mvua. Ni mizinga.

Nilikuwa mwanafunzi Nancy wakati huo, na nilikuwa na baiskeli ya mtumba ambayo mnyororo wake uliruka kila nilipopanda kilima. Nilichagua Verdun kwa sababu ramani ilionyesha rangi ya kijani nyingi na barabara chache. Jina lenyewe nililijua kutoka sekondari, katika sentensi moja ya somo la historia: vita vikubwa, mwaka 1916, Wafaransa na Wajerumani. Basi. Somo likaendelea na Mkataba wa Versailles.

Vita vya Verdun vilianza tarehe 21 Februari 1916 na kwisha tarehe 18 Desemba mwaka huo huo. Karibu siku mia tatu, mahali ambapo mwendesha baiskeli mwenye mapafu ya wastani anaweza kupazunguka kwa siku moja. Makadirio ya kawaida ni watu 300,000 waliokufa au kupotea, wa pande zote mbili, na makombora yanayohesabiwa kwa mamilioni kadhaa ya makumi. Mwishoni mstari wa mbele ulikuwa umerudi karibu pale ulipoanzia. Nimeisoma hesabu hiyo mara nyingi na bado haijanikaa kichwani. Kilichonikaa ni yale mashimo, kwa sababu niliyapita moja baada ya jingine kwa saa nyingi, nayo hayakwisha.

Kinachoshangaza zaidi ni kwamba sehemu kubwa ya msitu huo si ya kale. Tumezoea kudhani msitu wa Ulaya uliotulia, wenye ukungu na ndege, umekuwapo tangu enzi za wafalme. Hapa kulikuwa na mashamba na malisho, na katikati yake vijiji. Fleury-devant-Douaumont kilikuwa na wakazi 422 katika sensa ya 1911. Katika kiangazi cha 1916 kijiji hicho kilitekwa na kukombolewa mara 16. Mwishoni hapakuwa na ukuta wa kubomoa. Leo unafika hapo kwa baiskeli, unashuka, unatembea kwenye vijia vyembamba kati ya mashimo yaliyoota nyasi, na vibao vinakueleza: hapa palikuwa na duka la mikate, hapa shule, hapa mhunzi. Unatazama, huoni kitu.

Vijiji vya namna hiyo kuzunguka Verdun vilikuwa tisa. Serikali ya Ufaransa ilivitangaza kuwa vimekufa kwa ajili ya nchi, kama askari anavyotangazwa. Sita havina mkazi hata mmoja mpaka leo, lakini kisheria vipo na vina meya, anayeteuliwa kwa sababu hakuna wa kumpigia kura. Kwa mtu aliyetoka nchi ambako kijiji chenye watu elfu tatu kinaweza kusubiri miaka kumi kupata zahanati, meya wa kijiji kisicho na watu ni jambo la kutafakari. Mwanzoni nililicheka. Baadaye nililionea wivu, na sababu nitaieleza.

Baada ya vita serikali ilichora ramani kwa rangi. Ardhi iliyoharibika kiasi kwamba gharama ya kuifufua ingezidi thamani yake ilipakwa nyekundu, na jina likabaki hivyo: Ukanda Mwekundu. Wakulima wengine walitaka kurudi. Wengine walirudi kweli, sehemu zilizokuwa na nafuu, wakafukia mashimo na kulima huku wakiokota makombora kama mawe. Lakini juu ya vilima vya Verdun udongo ulikuwa umechanganyika na chuma, sumu na maiti. Serikali ikainunua ardhi hiyo na kuamua kupanda miti. Kuanzia miaka ya 1920 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1930 ilipandwa miche inayokadiriwa kufikia milioni 36, mingi ikiwa misonobari myeusi ya Austria, mti usiodekadeka, unaovumilia udongo mbovu. Sehemu ya mbegu ilitoka Ujerumani kama fidia ya vita. Baadhi ya askari wa zamani hawakupenda. Waliona kwamba miti ingeficha mahali ambapo wenzao walilala. Na kweli imeficha. Lakini pia imehifadhi, kwa sababu shamba lingesawazishwa na jembe katika misimu michache, na mashimo yale nisingeyaona.

Tangu miaka ya 1970 misonobari imekuwa ikivunwa na kupisha miti ya majani mapana, ile inayogeuka rangi ya shaba mwezi wa Oktoba. Magogo ya zamani yana tabia mbaya: ndani yake kuna vipande vya chuma, na msumeno unaokutana na kipande cha kombora ndani ya mti huharibika papo hapo. Katika mashimo yenye maji huishi chura mdogo mwenye tumbo la manjano, anayelindwa kisheria, na popo wamehamia katika ngome zilizoachwa. Hao ndio wakazi wapya. Si mbali na hapo, katika msitu wa Spincourt, kuna mahali ambapo mwaka 1928 yalichomwa makombora ya gesi ya sumu yapatayo 200,000 yaliyobaki baada ya vita. Udongo wake umejaa arseniki hata leo, na palipochomwa pana upara mweusi usioota karibu chochote. Pamezungushiwa uzio. Ndiyo maana vibao vya msituni vinasisitiza usitoke njiani, na si maneno ya kumtisha mtalii. Kila mwaka bado wataalamu huokota makombora ambayo hayakulipuka.

Baiskeli ilifika hapa kabla ya miti. Tarehe 28 Aprili 1919, miezi mitano na nusu tu baada ya bunduki kunyamaza, gazeti la Le Petit Journal liliwatuma waendeshaji kutoka Strasbourg katika mashindano yaliyoitwa Mzunguko wa Viwanja vya Vita. Hatua saba, karibu kilomita 2,000, kupita Luxembourg, Brussels, Amiens, Paris, Bar-le-Duc na Belfort, kisha kurudi Strasbourg. Bar-le-Duc ndiko ilikoanzia barabara ambayo malori ya jeshi yaliitumia kulisha Verdun askari na risasi mwaka 1916. Wazo rasmi lilikuwa kuwaheshimu waliokufa. Wazo lisilosemwa lilikuwa kuuza magazeti, na sioni haja ya kujifanya kwamba mawili hayo hayawezi kukaa pamoja.

Yalikuwa mashindano ya mateso. Barabara zilikuwa zimechimbika, madaraja yamevunjika, na mwezi wa Mei ukaleta mvua ya barafu. Hatua ya kutoka Brussels hadi Amiens, kilomita 323, ilimchukua mshindi wake zaidi ya saa 18. Waliokuwa nyuma, wanasimulia, walilala katika mahandaki ya vita. Mshindi huyo, Mbelgiji Charles Deruyter, ndiye aliyeshinda mzunguko mzima. Wengi wa waliopanda baiskeli siku hizo walikuwa juzi tu wamevaa sare. Na kuna waliokosekana: François Faber, Lucien Petit-Breton na Octave Lapize, wote washindi wa Tour de France kabla ya vita, wote walikufa wakiwa jeshini. Mwaka uliofuata waandaaji walifanya mbio za siku moja tu, kisha mambo yakaishia hapo. Mimi naelewa. Kuna aina ya mchezo ambao uwanja wake haujakauka.

Juu ya kilima cha Douaumont msitu unafunguka ghafla na unakutana na jumba la mifupa, refu, lenye mnara wa mita 46 katikati. Lilizinduliwa mwaka 1932, na ndani yake kuna mabaki ya askari wapatao 130,000 wasiojulikana majina, Wafaransa na Wajerumani wakiwa wamechanganyika. Mbele yake ni misalaba meupe zaidi ya 16,000, ingawa si yote ni misalaba. Upande mmoja kuna mawe ya makaburi ya Waislamu yaliyogeuzwa kuelekea Makka. Niliegemeza baiskeli nje ya uzio nikaenda kusoma majina. Yalikuwa majina ya Afrika Kaskazini na Afrika Magharibi, mengine ningeweza kuyasikia msikiti wowote wa Tanga.

Ngome ya Douaumont ilichukuliwa na Wajerumani tarehe 25 Februari 1916, karibu bila upinzani, aibu ambayo Ufaransa haikuisahau. Ilikombolewa tarehe 24 Oktoba. Walioingia ngomeni ni rejimenti ya kikoloni ya Moroko, ambayo licha ya jina lake ilikuwa ya Wafaransa hasa, ikiwa imeongezewa nguvu na batalioni ya askari walioitwa Wasenegali, jina walilobandikwa watu wa Afrika Magharibi yote, pamoja na kombania mbili za Wasomali. Hao wa mwisho waliandikishwa katika koloni ambalo leo ni Djibouti, na batalioni yao iliundwa mwezi Mei 1916 Majunga, Madagaska, bandari ambayo majahazi ya Wangazija na Waswahili yaliijua vizuri. Miezi mitano baadaye walikuwa kwenye tope hili, katika ukungu wa Oktoba. Nilipokuwa nikisukuma baiskeli kupanda kuelekea ngomeni, miguu ikitetemeka kwa baridi, niliwafikiria wao kuliko majemadari.

Hapa ndipo wivu niliousema unapoingia. Mwaka huo huo wa 1916, vita hivyo hivyo vilikuwa nyumbani. Mwezi Septemba Waingereza waliingia Dar es Salaam. Vita vya Tanganyika havikubebwa na malori bali na vichwa na mabega: wapagazi, mamia kwa maelfu, waliosafirisha unga na risasi hadi Rufiji na kwingineko, wakafa kwa kuhara, malaria na njaa kuliko kwa risasi. Kikosi chao kwa Kiingereza kiliitwa Carrier Corps. Kambi yao Dar es Salaam ikawa Kariakoo. Leo tunanunua nyanya hapo. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayoshughulikia makaburi ya vita ilitoa ripoti ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Ufaransa iliweza kumteulia meya kijiji kisicho na mtu. Wapagazi wetu wengi hawakukumbukwa hata kwa majina.

Sisemi hivyo kuwasifu Wafaransa. Tarehe 29 Mei 2016, miaka mia baada ya vita, Rais Hollande na Kansela Merkel walikaa Douaumont wakitazama maelfu ya vijana wa Kifaransa na Kijerumani wakikimbia kati ya makaburi, katika onyesho la mwongozaji wa filamu Volker Schlöndorff. Nchi ikagawanyika: wengine waliona uhai, wengine kukanyaga wafu. Wiki mbili kabla, tamasha la mwanamuziki wa rap Black M lililopangwa Verdun jioni ya siku hiyo hiyo lilikuwa limefutwa baada ya kelele za mrengo wa kulia. Wazazi wake walitoka Guinea, naye alijibu kwamba babu yake alipigania Ufaransa katika Vita vya Pili vya Dunia. Kwa hiyo swali la nani anaruhusiwa kufurahi juu ya ardhi hii halijafungwa, na jibu hutegemea sana sura ya anayeuliza.

Nililipata kwa kiwango changu kidogo. Mzee mmoja aliyekuwa akitembea na mbwa alinisimamisha, akatazama baiskeli, akatazama kofia yangu ya plastiki, akauliza kama najua nilipo. Nilimjibu kwa heshima yote ya Kifaransa changu kwamba najua, Bwana. Akauliza natoka wapi. Nilipomwambia, alinyamaza kidogo, kisha akaanza kunionyesha kwa fimbo yake: pale lilikuwa handaki, pale njia ya reli ndogo ya risasi, na pale, usiende, bado hawajapasafisha. Tulitembea pamoja kama robo saa, mimi nikisukuma baiskeli. Hakuniambia niendelee kuendesha wala niache.

Niliendelea kuendesha, ila si kwa kasi. Kuna njia moja inayoteremka kati ya miti mirefu, nyororo, yenye kona ambazo mwendeshaji yeyote angezitamani, na nilishika breki kuanzia juu hadi chini. Mashimo yalikuwa karibu mno pande zote mbili.

Mwezi Mei 2013, chini ya mabaki ya shamba moja la Fleury, yalipatikana mabaki ya askari 26 wa Kifaransa. Walikuwa wamelala hapo miaka 97, karibu na mahali ambapo wageni hupita kila siku. Saba walitambuliwa majina. Kumi na tisa hawakutambuliwa.