Anga la Mrima: Nyota za Jembe na Nyota za Tanga

Pwani ya Mapinga, wilayani Bagamoyo, inatazama mashariki. Nyota za hapa huchomoza baharini, upande wa Unguja, na kuzama bara, nyuma ya minazi na mikorosho. Mwezi mpevu hutoka majini. Mwezi mwandamo hutafutwa upande wa pili kabisa, juu ya bara, kwa muda mfupi baada ya jua kutua. Watu wa Mrima, yaani pwani hii ya bara, waliishi chini ya anga hili karne nyingi wakilisoma kwa ajili ya kazi mbili, kilimo na safari za baharini, na kila kazi ilikuwa na nyota zake.

Mkulima alitazama Kilimia, kile kishada cha nyota ndogo zilizobanana. Mwishoni mwa Aprili au mwanzoni mwa Mei, masika yakiwa yamepamba moto, Kilimia huzama magharibi pamoja na jua, kisha hakionekani kwa wiki tano au sita hivi. Juni huchomoza tena alfajiri, mvua imekatika na kipupwe kimeingia. Ifikapo Novemba hutokea mashariki mara tu giza linapoingia, na vuli iko njiani au imeshaanza. Wahenga waliposema Kilimia kikizama kwa mvua huzuka kwa jua, walikuwa wanaeleza kwa usahihi kile ambacho mtu yeyote wa Kerege au Zinga anaweza kukihakikisha mwenyewe kati ya Aprili na Juni.

Mshairi wa Kigiriki Hesiod, yapata miaka 2,700 iliyopita, naye aliwaelekeza wakulima wa kwao kwa nyota hizohizo, akataja siku arobaini za kufichika kwake. Lakini ndugu wa karibu wa Kilimia chetu wako Afrika: Waxhosa, kusini kabisa mwa bara hili, hukiita isiLimela, na kwao pia ni nyota za msimu wa kulima. Kwa maoni yangu, hilo linatosha kuivunja dhana kwamba elimu yote ya nyota ilishushwa pwani na majahazi kutoka Uarabuni. Wakulima wa Kibantu walikuwa na ya kwao.

Baharini elimu ilichanganyika. Kitabu cha Periplus, cha karne ya 1, kinawataja manahodha wa Kiarabu walioijua pwani hii, wakaoa huku na kufahamu lugha ya wenyeji. Vyombo vilishuka kwa kaskazi na kurudi kwa kusi. Usiku nahodha alipima kimo cha nyota kwa kamali, kibao kidogo chenye uzi wa mafundo: fundo hushikwa kwa meno, uzi ukavutwa ukaze, ukingo wa chini wa kibao ukagusa upeo wa bahari na wa juu ukagusa nyota.

Nyota ya kwanza kupimwa ilikuwa Jaa, nyota ya kaskazini. Tatizo ni kwamba ukivuka ikweta Jaa hufichika, na Mapinga iko zaidi ya nyuzi sita kusini ya ikweta. Ahmad ibn Majid wa Julfar, aliyekamilisha kitabu chake kikuu cha ubaharia yapata 1490, alilijua jambo hilo vizuri. Katika shairi lake la njia ya Sofala aliwaongoza mabaharia kwa nyota nyingine za kaskazini, hasa Banati Naashi, zile saba zenye umbo la upawa. Na angalia zinavyolingana na pepo: Februari, majira ya kaskazi, nyota ya Suheli husimama juu kusini mapema usiku, mbele ya chombo kinachoshuka. Mei, kusi likishika, Banati Naashi husimama kaskazini, mbele ya chombo kinachorudi Omani.

Kaole, jirani na Mapinga, kuna magofu ya msikiti wa karne ya 13. Kutoka pwani hii Makka iko karibu kaskazini moja kwa moja. Waumini wa Kaole walisali wakielekea Jaa, nyota ambayo hawakuweza kuiona.

Mvuvi yeye hesabu yake ni mwezi. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji ni bamvua. Katikati ni maji mafu. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikija kazi hiyo hupumzika. Kwa majira marefu kulikuwa na mwaka wa Nairuzi, siku 365, uliogawanywa katika miongo 36 ya siku kumi kumi na siku tano za nyongeza. Makunduchi, Unguja, bado wanauadhimisha kila Julai kwa Mwaka Kogwa.

Huku Mrima viwanja vinapimwa, nyumba zinajengwa, na mwanga wa Dar es Salaam unazidi kupanda angani kutoka kusini. Walimu wa Bagamoyo, wapelekeni wanafunzi kwa wavuvi wazee wa Mlingotini wakiwa na daftari, usiku wa giza, wakaandike kila nyota inaitwaje na ilitumika kwa kazi gani.