Chumvi ya haluli na kifafa cha mimba

Wasomaji wangu, wiki hii nimezama kwenye historia ya dawa moja na nimeona nisikae nayo peke yangu.

Chumvi ya haluli mnaijua, ile waliyokunywa wazee kusafisha tumbo. Kitaalamu ni magnesiamu salfeti. Ikitengenezwa kuwa sindano, ndiyo dawa kuu ya kifafa cha mimba: presha ya mjamzito inapanda, anashikwa na degedege, anapoteza fahamu. Asipowahiwa, anaweza kufa.

Kinachonishangaza ni muda uliopita. Madaktari wa Ujerumani waliijaribu mwanzoni mwa karne ya 20. Kule Dallas, Marekani, Dk. Jack Pritchard aliitumia tangu 1955, na mwaka 1984 akaandika kwamba kati ya wagonjwa 245 alifariki mmoja tu. Lakini Uingereza wengi walipendelea diazepamu. Kila upande ulitetea dawa yake, na kwa miaka mingi hakuna aliyezishindanisha kwa wagonjwa wa kutosha.

Jibu lilikuja 1995, na halikutoka kwenye wodi za Ulaya. Wanawake 1,687 wenye kifafa cha mimba, wakiwamo wa Uganda, Ghana na Zimbabwe, walishiriki utafiti ulioonyesha kuwa magnesiamu hupunguza degedege kurudi kwa takriban nusu kuliko diazepamu. Mwaka 2002 utafiti wa Magpie, wa wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33, ukathibitisha kwamba hata kabla ya degedege kuanza, dawa hiyo hupunguza hatari kwa zaidi ya nusu. Leo mama wa London anatibiwa kwa elimu iliyopatikana, kwa sehemu, kwenye wodi za Afrika.

Sasa njoo kwenye wodi zetu. Dawa hii ikizidi mwilini huzima pumzi. Kwa hiyo muuguzi lazima agonge goti aone kama mguu bado unaruka, ahesabu pumzi zisishuke chini ya 16 kwa dakika, apime mkojo, na awe na kalsiamu glukoneti karibu ya kuizimua. Anahitaji saa, kinyundo na mfuko wa mkojo. Zaidi ya yote, anahitaji nafasi ya kukaa na mgonjwa huyo mmoja.

Sisi waandishi hukimbilia kupiga picha mashine mpya za wagonjwa mahututi zikizinduliwa. Nadhani swali la kumuuliza mgeni rasmi ni jingine: usiku wa leo, wodi ya wazazi ina wauguzi wangapi?

Mnasemaje?