Sketi ya kikwembe (ushonaji wa nyumbani, Goma)

Sketi ya kikwembe ni vazi la chini la mwanamke linaloshonwa kwa kitambaa cha pamba chenye michoro, kile ambacho Watanzania na Wakenya hukiita kitenge. Huko Goma, makao makuu ya mkoa wa Kivu Kaskazini nchini Kongo, kitambaa hicho ni kikwembe, au pagne kwa Kifaransa, na sketi yenyewe wengi huiita jupe. Kwa kawaida hupelekwa kwa fundi. Hata hivyo hakuna nguo inayomfaa zaidi mtu anayeanza kujishonea, kwa kuwa kitambaa hutoka dukani kikiwa kimeshapimwa kwa ajili ya mwili.

Kikwembe kimoja ni yadi 2, yaani karibu sentimita 183, na upana wake ni takriban sentimita 116. Hicho ni kiasi cha kumzunguka mtu mzima kiunoni na kumfika miguuni bila mkasi kugusa chochote. Ndiyo maana kitambaa huuzwa kwa yadi 6, vikwembe vitatu: kimoja cha chini, kimoja cha blauzi, na kimoja cha kujifunga juu au kumbebea mtoto. Mtindo wa kuchapa kwa nta ulitokana na batiki za Java, ukaigwa na viwanda vya Uholanzi, hasa Vlisco iliyoanzishwa Helmond mwaka 1846. Nchini Kongo, miaka ya 1970 serikali ya Rais Mobutu iliwakataza wanawake suruali na sketi fupi, na kikwembe kikawa vazi la taifa. Leo kila tarehe 8 Machi, Siku ya Wanawake, mafundi wa Kongo huelemewa na kazi, maana kila kundi linataka sare yake. Mwanamke anayeweza kujishonea sketi iliyonyooka hana haja ya kupanga foleni wiki hiyo.

Jambo ambalo anayeanza hulikosea mapema ni upande wa kitambaa. Aliyejifunza kwa vitambaa vingine hukata urefu wa sketi kwa kufuata urefu wa kitambaa. Kikwembe kinataka kinyume chake: urefu wa yadi 2 ndio unaozunguka mwili, na upana ndio unaokuwa urefu wa sketi, kama mtu anavyojifunga siku zote. Michoro mingi imepangwa hivyo, na nakshi ya ukingoni hukaa chini kwenye miguu. Ukigeuza, ndege waliochorwa watalala ubavu.

Kabla ya kukata, kitambaa kiloweshwe, kikauke na kupigwa pasi. Pamba mpya ina wanga na husinyaa. Maji ya Goma mara nyingi hubebwa kwa madumu, lakini kwa kazi hii beseni moja linatosha. Kisha pima kutoka kiunoni hadi pale sketi itakapoishia. Nashauri iishie juu ya kifundo cha mguu. Tangu mlima wa volkano wa Nyiragongo ulipolipuka Januari 2002 na lava kupita katikati ya mji, mitaa mingi ina mawe meusi yenye makali, nayo hula pindo haraka.

Tuseme kipimo ni sentimita 90. Ongeza 5 juu kwa ajili ya njia ya lastiki: jumla 95. Ukingo wa chini, ule uliofumwa kiwandani, haufumuki. Unaweza kuachwa bila kupindwa, na wengine hupenda maandishi yake yaonekane. Kwa hiyo kata upande wa juu tu, mstari mmoja ulionyooka. Kipande cha sentimita 21 kinachobaki kinatosha kufunga kichwa.

Mshono wa wima ni mmoja, nyuma. Kwa kuwa mashine ya kufunga kingo iko kwa fundi, tumia mshono wa mara mbili: kutanisha migongo ya kitambaa na ushone nusu sentimita kutoka ukingoni, geuza ili nyuso zikutane, kisha ushone tena kwa sentimita moja. Kingo zinazochanika zinabaki zimefungiwa ndani. Juu, kunja sentimita 1, halafu 4, piga bandi, kisha shona huku ukiacha mlango wa vidole viwili. Lastiki ya sentimita 3 ikatwe pungufu ya kiuno kwa sentimita 5, ipitishwe kwa pini, ncha zake zipandanishwe na kushonwa, kisha mlango ufungwe.

Cherehani ya kukanyaga ndiyo mwenzi mzuri hapa, kwani haihitaji umeme, na katika nyumba nyingi umeme hukatika. Asiyekuwa nayo ashone kwa mkono, sindano ikirudi nyuma nusu hatua kila mshono; ni kazi ya jioni kadhaa, na hudumu. Pasi ya mkaa ipigwe baada ya kila mshono, si mwishoni tu. Hapo ndipo kazi ya nyumbani inapotofautiana na ya fundi: mshono usiopigwa pasi hujikunja hata ukiwa umenyooka.

Sketi ya kubana, iliyoachia chini kama mkia wa samaki, haifai kuanzia. Inahitaji zipu, mikunjo midogo ya kiunoni na vipimo vya nyonga na magoti. Hii pana humwezesha mvaaji kupanda pikipiki akiwa amekaa sawasawa na kuruka mfereji wa mvua. Na kwa kuwa imekatwa mara moja tu, ikichosha au mwili ukibadilika, uzi hufumuliwa, lastiki hutolewa, na kinachobaki mkononi ni kitambaa kizima chenye urefu wa karibu yadi 2, kinachotosha kumfunga mtoto mgongoni.