Kiwekwa: Jina la Kilichoachwa na Kifurushi

Amri ya dpkg -L katika Debian, pamoja na mwenzake rpm -ql katika mifumo ya ukoo wa Red Hat, hujibu swali moja: kifurushi hiki kimeweka nini, na kimekiweka wapi? Vitu vinavyotajwa katika jibu havijapata jina lililotulia kwa Kiswahili. Tafsiri inayozunguka ni “vijenzi vilivyosakinishwa na kifurushi”, maneno manne yenye kosa moja kubwa na uzito mmoja usio wa lazima. Neno linalotetewa hapa ni kiwekwa, wingi viwekwa.

Kosa liko katika vijenzi. Kijenzi kimetokana na -jenga na kiishio -i, kama mjenzi. Kiambishi ki- kimemwondoa mtu na kuleta kitu, lakini utendaji umebaki palepale: kijenzi ni kitu kinachojenga kingine. Wanaisimu wanalitumia hivyo wanaposema juu ya vijenzi vya sentensi, na hawajakosea. Swali ni kama vitu vinavyoorodheshwa na dpkg -L vinajenga kifurushi. Havijengi. Faili ya .deb ina vijenzi vitatu hasa: debian-binary, ambayo hubeba namba ya muundo, yaani 2.0, kumbukumbu ya control, yenye maelezo ya kifurushi na skripti zake, na kumbukumbu ya data, yenye shehena yenyewe. Hivi ndivyo vijenzi, kwa maana safi ya neno, na dpkg -L haionyeshi hata kimoja. Inachoonyesha ni kile kilichotolewa katika data kikatawanywa kwenye mfumo: programu ndani ya /usr/bin, ukurasa wa mwongozo ndani ya /usr/share/man, tamko la hakimiliki ndani ya /usr/share/doc. Mbao na misumari ya kasha si vyombo vilivyotolewa ndani yake vikapangwa sebuleni. Inashangaza kwamba watu waliopewa dhamana ya kusanifu istilahi wangeweza kuvichanganya, ila mshangao hupungua ikikumbukwa kwamba kamati nyingine hutafsiri orodha za maneno bila kuendesha amri hata moja.

Wapo wanaosema vitu hivyo viitwe faili tu, na kweli jina refu la amri hiyo, --listfiles, linawaunga mkono. Katika ulimwengu wa Unix, ambamo saraka nayo ni faili ya aina yake, jina hilo linatosha. Kwa msomaji wa Kiswahili halitoshi. Faili kwake ni waraka, picha au wimbo, akiona mstari wa kwanza wa jibu ni “/.” na wa pili ni “/usr”, atadhani amri imeharibika.

Mstari huo wa pili ndio silaha ya wapinzani wa kiwekwa. Wanauliza: je, kifurushi kidogo kimeweka /usr, saraka iliyokuwepo kabla yake na ambayo vifurushi vyote vinaitumia? Jibu ni kwamba kifurushi kimeibeba /usr ndani ya data yake na kingeiunda kama isingekuwepo. Dpkg huihesabu kuwa ya kila kifurushi kinachoitaja, na kifurushi kikiondolewa, saraka ya pamoja haiguswi. Hicho ni kiwekwa chenye wawekaji wengi. Hakuna ubishi zaidi hapo, ingawa ubishi umeendelea.

Uzito usio wa lazima uko katika -sakinisha. Neno hili lina nasaba ya heshima. Mzizi wake ni herufi tatu za Kiarabu, s-k-n, zenye maana ya kutulia na kukaa mahali. Humo mmetoka maskani, yaani makazi. Humo pia ndimo wanaleksikografia wa Kiarabu walimoliweka maskini, mtu ambaye ufukara umemtuliza asiweze kujongea. Usukani wa chombo nao unatoka katika sukkan ya Kiarabu, inayoandikwa kwa herufi hizohizo, na ambayo kwa matamshi yaleyale humaanisha pia wakazi. Kiswahili cha zamani kilikuwa na -sakini, kuishi mahali. -Sakinisha ni kumfanya mtu aishi hapo. Picha ni nzuri: programu inapewa makazi ndani ya kompyuta. Kama kitenzi, na kibaki. Taabu huanza mtu anapotaka nomino ya kitu kilichosakinishwa. “Kisakinishwa” kina silabi tano na hakuna fundi atakayelitamka mara mbili kwa siku. “Masakini”, ambalo limewahi kupendekezwa kwa uzito wote, kila msomaji atalisoma kuwa kosa la chapa la maskini.

Kitenzi -weka hakina shida hizo. Ni cha Kibantu tangu asili, ndugu ya -beka ya Kizulu na -bika ya Kinyarwanda, na kazi yake kila mahali ni kukiacha kitu pahali pake kwa makusudi. Kiswahili kimekipa majukumu mazito: mtu huweka akiba, huweka rehani, huweka nadhiri. Mafundi wa kompyuta husema kuweka programu, wasiposema kupiga window. Umbo la ki-…-wa halikubuniwa jana: isimu ina kirejelewa, na hakuna aliyelalamika. Kiwekwa kinafuata njia hiyohiyo, kina silabi tatu, na kinaingia katika ngeli ya KI-VI bila kubishana na upatanisho: kiwekwa hiki kimefutwa, viwekwa hivi vimebadilishwa. Neno hili liliwahi kuwasilishwa mbele ya jopo moja la istilahi likarudishwa kwa hoja kwamba “linaeleweka upesi mno, halina sura ya kitaalamu”. Hoja hiyo inaachwa hapa bila maoni.

Kuhusu kifurushi chenyewe, hofu kwamba watumiaji watadhani ni kile cha intaneti kinachouzwa na kampuni za simu haina msingi. Furushi limekuwa likibeba mizigo ya kila namna muda mrefu kabla ya simu, na muktadha hutenganisha maana bila msaada wa kamati.

Faida kubwa ya kiwekwa imo katika kile ambacho neno hili linakikataa. Dpkg hutunza orodha ya kila kifurushi katika faili yenye kiishio .list ndani ya /var/lib/dpkg/info, na dpkg -L husoma humo. Orodha hiyo hutokana na data ya kifurushi peke yake. Faili zinazozaliwa na skripti baada ya usakinishaji, au na programu inapofanya kazi, kama vile daftari za matukio ndani ya /var/log, hazimo. Anayeita vyote “vijenzi” hana njia ya kueleza kwa nini faili anayoiona kwenye diski haipo kwenye orodha. Anayesema viwekwa analo jibu tayari: faili ile haikuwekwa na kifurushi, ilizalishwa baadaye, kwa hiyo ni zao. Ndiyo maana pia kifurushi kikiondolewa kwa njia ya kawaida, viwekwa huondoka, isipokuwa saraka za pamoja, na isipokuwa faili za usanidi, ambazo dpkg huziacha hadi iamriwe kufuta kabisa. Mazao huweza kubaki.

Kwa matumizi: dpkg -L hufuatwa na jina la kifurushi kilichokwisha kusakinishwa, na herufi ni kubwa, kwa kuwa -l ndogo huorodhesha vifurushi vyenyewe. Kwa faili ya .deb ambayo bado haijasakinishwa hutumika dpkg -c. Swali la kinyume, kiwekwa hiki ni cha nani, hujibiwa na dpkg -S au rpm -qf. Arch hutumia pacman -Ql, na AIX ya IBM hutumia lslpp -f.