Bwanikwa, binti aliyetolewa kulipa deni



Katika makanisa yetu hapa Fungurume, habari za wankambo tunaziuliza zaidi wakati wa maombi ya ukombozi: kwenu kuna laana gani? Ndiyo maana watu wanaficha nkambo mwanamke aliyekuwa mtumwa, kana kwamba utumwa ulikuwa dhambi yake. Kisha siku ya kugawa shamba la marehemu neno linatoka: «Wewe mjukuu wa mtumwa, hauna sehemu.» Tumelisikia kwa watu wanaoshiriki meza moja ya Bwana. Basi leo tufuate ukoo wa mwanamke mmoja.

Bwanikwa alikuwa Muluba. Mke wa baba yake alifariki, na jamaa za marehemu wakadai walipwe watu kwa ajili ya kifo hicho. Baba hakuwa na watu wa kutosha, akamtoa binti yake mdogo, akiahidi kurudi kumkomboa. Hakuweza. Mtoto akauzwa kwa watu wa Msiri, mfalme wa Wayeke, aliyetawala kule Bunkeya, mashariki mwa mji wetu. Tangu hapo Bwanikwa akapita mkono kwa mkono, hata akahesabu utumwa mara kumi.

Angalieni jambo hili. Kwa Wasanga, mtoto ni wa ukoo wa mama. Mke akiteswa na mume, anao wajomba wa kumsemea. Mtumwa hakuwa na mjomba karibu. Watoto wake walihesabiwa kwa bwana wake, na nyumba ya mama yao ikafutika. Kwa hiyo ukifuata ukoo ukafika kwa mwanamke «asiye na kwao», usiseme hakuwa na kwao. Alikatwa kutoka kwao.

Bwanikwa hakufutika kwa sababu alisimulia. Mmisionari Dugald Campbell aliandika habari zake, zikachapwa kuwa kitabu mwaka 1916. Humo kuna baba, kuna deni, kuna njia aliyopitishwa. Wengine wa Bunkeya walitawanyika baada ya Msiri kuuawa tarehe 20 Desemba 1891. Wengi walimfuata mmisionari Dan Crawford, aliyejenga Luanza kando ya ziwa Mweru mwaka 1894. Anayetafuta jamaa za Bunkeya asiishie Bunkeya.

Baadaye Bwanikwa akawa mke wa Wafwilwa, mtu aliyekaa na wamisionari. Lakini hata ndani ya ndoa ile, karibu kabisa na misheni, alikuwa bado mke aliyenunuliwa. Akafanya kazi, akaweka mali yake, na kufikia mwaka 1911 alikuwa amemlipa mume wake bei ya ukombozi wake mwenyewe. Ile ahadi ya baba aliitimiza yeye.

Mathayo, katika sura ya kwanza, hakumficha Rahabu, wala Ruthu mgeni. Na Hajiri mjakazi, kule jangwani, malaika alimwuliza kwanza anatoka wapi.

Mwenye nkambo aliye hai amwulize hivyo hivyo wiki hii, kwa upole, pasipo kumweka katika maombi ya kufukuza kitu: mama yako alitolewa kijiji gani? Kwa deni la nani? Kabla hawajampa jina jipya, kwao walimwitaje?